Mgao ule na popo wa darini

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unaishi Moshi, atakuuliza kama una koti. Baridi iko Marangu na Kibosho huko juu. Mjini, mita mia nane na kitu kutoka usawa wa bahari, Januari na Februari unatoka jasho umekaa. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulinikuta nikisimamia majengo ya chuo kimoja hapa: bweni la ghorofa tatu, wasichana 240, paa la bati na jenereta moja ya kVA 20.

Nilianza vibaya. Umeme ulipokatika niliwasha jenereta na kuiachia jengo zima, kama tulivyozoea ukikatika nusu saa. Dakika kumi hazikufika ikaanza kuunguruma kama lori la mchanga mlimani, ikazima. Nikapita vyumbani na matroni. Pasi, mabirika, na majiko ya koili yamefichwa chini ya vitanda, mengine bado ya moto. Jiko dogo la namna hiyo linakula wati 1,000; pangaboi ni kama wati 70. Kila binti aliyekuwa anachemsha maharage yake alikuwa anazima pangaboi kumi na nne za wenzake. Juu ya hapo kuna pampu ya maji: mota yake ikianza kuzunguka hunyonya umeme mara tano hadi saba ya kawaida, kwa sekunde chache tu, lakini zinatosha kuiangusha jenereta iliyokwisha kuelemewa.

Basi nikashusha breka zote za soketi, nikafunga sanduku la bodi kwa kufuli. Nilinuniwa wiki nzima. Za simu niliwawekea meza bwaloni, jioni, kwa zamu.

Maji ndiyo niliyatanguliza. Mtu anaweza kulala na joto. Choo cha kuflashi kisicho na maji, kufika saa mbili asubuhi jengo zima limeshajua. Matangi yetu ya juu ni mawili ya lita 5,000, yaani kama lita 41 kwa kichwa. Flashi moja lita 9. Aoge, aflashi mara mbili, afue nguo moja, kwisha. Kwa hiyo dizeli yangu ya siku niliigawa: saa kumi na moja alfajiri pampu peke yake mpaka matangi yajae, jioni taa. Pangaboi hazikupata kitu.

Hapo ndipo matroni aliponijia.

"Fundi, wanangu wa ghorofa ya juu wanalala koridoni. Njoo uone."

Nilipanda saa nne usiku. Magodoro yamepangwa sakafuni mlango hadi mlango. Niliingia chumba kimoja, nikasimama juu ya kiti, nikaweka kiganja kwenye dari: moto kama kifuniko cha sufuria kilichoepuliwa punde. Jua lilikuwa limezama zaidi ya saa tatu zilizopita.

Asubuhi niliingia darini na tochi. Harufu ya popo bado ipo. Kule mwisho wa paa, pande zote mbili, matundu ya kutolea hewa yamezibwa kwa mbao, misumari ya inchi tatu, kazi safi kabisa. Joto la bati la mchana kutwa halikuwa na pa kutokea.

"Hivi nani aliziba matundu haya, mama?" nikamuuliza matroni niliposhuka.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Si wewe, fundi? Mwaka ule wa popo!"

Ni kweli. Niling'oa mbao, nikaweka wavu mwembamba ule wa kuanikia kahawa. Hewa inapita, popo hapiti.

La pili nilifundishwa na mzee wetu wa getini. Nilimwamkia, nikamweleza shida, akanyoosha fimbo. "Mchana upepo unapanda, usiku unashuka kutoka mlimani. Sasa nyie madirisha ya huko si mmeyafunga?" Luva za mwisho wa koridoni, upande wa Kilimanjaro, zilikuwa zimegandishwa na rangi sijui tangu lini. Nilizikwangua kwa kisu siku nzima. Kisha nikatoa vioo vya juu ya milango, ili upepo ukishaingia koridoni uingie vyumbani na kutokea madirisha ya kusini. Niliomba pia rangi nyeupe ya kupaka bati. Jibu bado nalisubiri.

Usiku wa tatu koridoni hakukuwa na godoro hata moja. Usiku wa tano binti mmoja wa Dar alikuja kuniambia alfajiri kunakuwa na baridi, nimrudishie kioo chake. Sikumrudishia. Nilimwambia anunue shuka zito Soko la Mbuyuni.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235, uliwashwa kule Rufiji, na mgao ukaanza kulegea. Nilifungua kufuli la bodi jioni moja, saa kumi na mbili. Kabla ya saa moja koridoni kulinukia maharage.

Popo, nasikia, wamehamia paa la bwalo. Sijapanda kuangalia.