Moshi wa jirani na sheria ya 2004

Jamani leo tena saa kumi na mbili asubuhi nimeamshwa na moshi, jirani yangu hapa Isevya kachoma taka zake, majani ya mwembe, pampasi, chupa za plastiki, vyote fungu moja, na shati langu jeupe la kazini lilikuwa kwenye kamba. Nikaenda kumwambia kistaarabu, “shikamoo mzee, huu moshi unatuua,” akacheka, eti “mbona moshi wa tumbaku mnauvumilia?”

Hapo kanibana kidogo kusema kweli, maana mkoa wetu wa Tabora umeishi kwa tumbaku miaka mingi, na mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni za miombo balaa.

Ila nikamwambia kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4 kinasema kila mtu Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Na kabla hata ya hiyo, wakazi wa Tabata kule Dar waliipeleka halmashauri ya jiji mahakamani kwa ajili ya dampo, kesi ya 1988, wakashinda! Mahakama Kuu ikaegemea ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi.

WHO, Shirika la Afya Duniani, nao 2021 walishusha kiwango wanachopendekeza cha vumbi laini hewani, PM2.5, toka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka. Mzee akaniuliza, sasa hiyo 5 nani anakuja kuipima hapa Isevya? Nikakosa jibu, nikaanua shati langu.