Siku Moja Kwenye Meli ya Mto Mekong

Nikiweka picha ya Mekong kwenye WhatsApp, majibu kutoka Mombasa ni yaleyale: "Mwenzetu unakula raha!" Shangazi yangu anaamini kabisa kwamba kuna watu wananilipa nitalii. Basi leo nawapitisha kwenye siku moja ya mwezi Machi, tangu alfajiri, muone picha zile zinatoka wapi.

Meli yetu ni ya mtoni, ndogo kwa zile za baharini nilikoanzia kazi. Inawachukua wageni kutoka upande wa Angkor, mji wa kale wa mahekalu, inateremka nao Kambodia yote ya mtoni, inavuka mpaka, inawashusha Ho Chi Minh City ambayo wengi wao bado wanaiita Saigon. Mimi ni mratibu wa ziara za nchi kavu. Kueleza historia ni kazi ya kiongozi mwenye leseni, na huyo ni Mkhmer, mwenye nchi. Yangu ni yaliyobaki yote: magari, maji, miavuli, mavazi, magoti mabovu, hesabu ya watu, na saa.

Saa kumi na moja kasoro, alfajiri. Tumefunga kamba mji wa Kampong Cham, na kinachoniamsha ni adhana. Ndiyo, adhana, katika nchi ya Wabudha. Wacham ni Waislamu, wazao wa ufalme wa Champa uliokuwa pwani ya katikati ya Vietnam ya leo. Mji wao wa Vijaya ulipoanguka mwaka 1471, wengi walikimbilia Kambodia, na mkoa huu unabeba jina lao. Baharia wetu mmoja ni Mcham. Ananiita bong, dada mkubwa, kama wanavyoniita wote wadogo zangu melini, na tunaswali naye kwenye stoo ya sitaha ya chini, kati ya maboya na makopo ya rangi. Babu yake alikufa enzi za Khmer Rouge, utawala wa kikomunisti wa Pol Pot, kati ya 1975 na 1979, Wacham walipokatazwa kuswali na kulazimishwa kula nguruwe. Mwaka 2018 mahakama maalumu iliyoketi Phnom Penh ilimtia hatiani Nuon Chea, msaidizi mkuu wa Pol Pot, kwa mauaji ya kimbari dhidi yao. Kijana aliniambia habari hizi mara moja tu, na tangu siku hiyo sijawahi kuichukulia adhana ile kuwa kitu cha kawaida.

Saa kumi na mbili hadi saa mbili. Simu kwa msimamizi wa tuktuk, barafu kwenye mapipa, miavuli ihesabiwe, orodha ya wasioweza ngazi, chai ya mkono mmoja.

Saa mbili. Bwana mmoja wa kabini za juu ananifuata na brosha yake wakati wenzake wanakunywa kahawa. Brosha inasema mto, na jana tumemweka kwenye basi karibu nusu siku kutoka Siem Reap, mji ulio karibu na Angkor. Namweleza, na hili napenda kulieleza hata nikiwa nimeudhika, kwa sababu ni jambo kubwa. Mto Tonle Sap unabadili mwelekeo. Mvua zikija, Mekong unajaa na kuusukuma ule mto urudi nyuma hadi Ziwa Tonle Sap, njia yetu ya maji kutoka Siem Reap, na ziwa ambalo kiangazi lina kilomita za mraba 2,500 hivi linatanuka kupita 10,000. Mvua zikiisha maji yanageuka tena kwenda baharini, na watu wanasherehekea Bon Om Touk kwa mashindano ya mitumbwi mbele ya kasri la mfalme, kwa kawaida mwezi Novemba. Samaki wanaolisha nchi hii wanategemea maji hayo yanayokwenda na kurudi. Machi ziwa halina kina cha meli kama yetu, na karatasi aliyotia saini inasema hivyo.

"Basi mngepunguza bei," akasema.

Bei ni ya ofisi. Nikamwandikia namba ya ofisi.

Saa tatu, Wat Nokor. Hapa ndipo siku yenyewe ilipokaa.

Wat Nokor ni hekalu la enzi za Angkor, la mawe ya mchanga na ya lateriti (udongo mwekundu uliokauka ukawa jiwe), lililokwisha kusimama karne ya 13. Kinacholitofautisha na magofu mengine ni kwamba halikuachwa. Katikati ya mawe ya kale wamejenga ukumbi wa ibada wa siku hizi, wenye nguzo na dari zilizochorwa maisha ya Buddha kwa rangi kali, na paa lake limeingia kwenye ukuta wa wazee bila aibu. Ukiingia unatoka kwenye jiwe jeusi lenye ukoga ukakanyaga vigae vilivyofagiliwa asubuhi hiyo. Wageni wengine wanasikitika, wanataka gofu tupu. Mimi naliona ndilo hekalu zima kuliko yote tunayopita, maana wenyewe hawajaondoka.

Siku hiyo ilikuwa siku takatifu ya Wabudha. Mikeka imetandikwa, vyombo vya chakula vya chuma vimepangwa, mabibi wamenyoa vichwa na kuvaa blauzi nyeupe, wamekaa miguu imekunjwa upande ili nyayo zisielekee sanamu. Watawa wanasoma. Mlangoni nafanya kazi yangu ya kila siku: viatu chini, kofia mkononi, mabega na magoti yafunikwe. Mfukoni nina kanga nilizotoka nazo nyumbani, na aliyekuja na kaptula namfunga kanga. Wanapenda, wanauliza bei. Nawaambia wapite kimya, wakae nyuma, picha bila mwanga, na mwanamke asimguse mtawa.

Bwana wa brosha alivua viatu. Halafu akapita katikati ya mkeka, kati ya watawa na mabibi, akafungua miguu mitatu ya kamera. Kiongozi wetu, kijana mpole sana, akamwendea kwa adabu zote, "Lok (bwana), tafadhali, turudi nyuma." Hakugeuka. Akamwita tena. Yule bwana akanyosha kidole, kijana asubiri. Wageni wengine wameanza kutazamana. Watawa hawakukatiza kisomo. Kisha yule bwana akainama, akamshika bega bibi mmoja, akamgeuza uso uelekee dirishani penye mwanga.

Pale nikaingia mkekani mwenyewe. Nilitembea kwa magoti, kwa sababu huwezi kusimama juu ya vichwa vya wazee walioketi, na nikamwambia sikioni, "Samahani bwana, tutoke nje mimi na wewe."

Nje, juani, akaniambia yote. Kwamba amelipa kuona utamaduni. Kwamba sura ile ilikuwa picha ya maisha yake. Kwamba mimi si wa hapa, nani amenifanya mlinzi wa hekalu la Wakhmer? Nikasikiliza mpaka mwisho, ndivyo tulivyofundishwa hotelini Diani, mgeni umwache amalize. Nikamjibu, "Umelipia meli, chakula na kitanda. Yule bibi hajalipwa na mtu. Amekuja kuswali." Akasema ataniandikia malalamiko ofisini. Nikamsogezea viatu vyake, nikamwita dereva wa tuktuk amrudishe melini kwenye kivuli.

Na swali lake la kwamba mimi si wa hapa nitalijibu hapa, kwa sababu ni swali la haki. Nimekulia Mji wa Kale, Mombasa. Nimeona watu wakipigiwa picha na wageni wakiwa kwenye baraza zao wenyewe, wakila, wakifiwa. Sihitaji kuwa Mkhmer kujua uzito wa mkono wa mgeni begani mwa mama mtu mzima.

Kisomo kilipokwisha, mimi na kiongozi tulikwenda kwa yule bibi, mikono imekutanishwa mbele ya uso. Kiongozi akamwita Yeay, bibi, akamwomba radhi kwa niaba ya meli. Bibi akamtazama, akauliza kama yule mgeni ameshakula wali. Kulikuwa na chakula cha kutosha, akasema, angerudi tu akae.

Mchana. Vibao vya namba vigeuzwe ubaoni, maana kila anayeshuka anageuza chake na akirudi anakigeuza tena, ndivyo tunavyojua nani yuko wapi. Taulo baridi. Viatu vya wageni wote vioshwe tope. Nilikula nimesimama.

Tuliondoka kuelekea kaskazini, kupanda mto, twende Wat Hanchey, hekalu la juu ya kilima. Mashine inasoma kina cha maji, lakini nahodha anayaamini zaidi macho yake: maji yanayokunjika mikunjo midogo na kumetameta yana mchanga chini. Alizunguka fungu moja, lingine likamlazimisha arudi, na tulipofika saa moja nzima ilikuwa imekwenda. Hakuna gati pale. Kati ya masika na kiangazi mto unaweza kushuka zaidi ya mita 10, kwa hiyo Machi unafika chini ya ukuta wa udongo. Mabaharia wakaruka na majembe, wakachonga ngazi kwenye udongo, wakaweka magunia ya mchanga, wakafunga mianzi iwe reli ya kushikia. Nataka watu wajue hilo. Ngazi unayoiona kwenye picha imechongwa robo saa kabla hujaikanyaga, na mvua au wimbi likiifuta itachongwa tena.

Juu ya ngazi za udongo ziko ngazi za saruji, nyingi, mpaka kileleni. Joto lilikuwa limekaa tu, hakuna upepo. Kileleni kuna kihekalu cha matofali cha karne ya 7, kabla hata Angkor haijawa Angkor, na kando yake pagoda ya leo, na bustani yenye matunda makubwa ya saruji yaliyopakwa rangi ambayo watoto wa shule wanayapanda. Mekong yote inaonekana kutoka pale. Niliitazama kwa muda wa kumfungulia mtu chupa ya maji.

Mama mmoja, umri wa mama yangu, alipanda vizuri, goti likamkataa kushuka. Gari lingeweza kuzunguka, hakutaka, alisema amekuja kwa miguu na atarudi kwa miguu. Tukashuka naye, mkono wake begani kwangu, uzito wake wote kwangu, ngazi moja, tupumzike, ngazi moja. Alinisimulia mumewe aliyefariki, walivyopanga safari hii pamoja. Sijui ilikuwa saa ngapi. Fulana yangu ilikuwa imelowa mpaka kiunoni.

Chini, vibao viwili havikuwa vimegeuzwa. Mume na mke. Tukaita redioni, kimya. Mabaharia wawili, mmoja wao yule Mcham wangu, wakapanda kilima tena chote, wakazunguka pagoda, wakashuka, wakapanda tena mpaka kijijini. Jua linazama na nahodha hasafiri usiku maji yakiwa hivi. Mhudumu wa vyumba ndiye aliyewapata: wamelala kabinini, pazia limefungwa. Waliingia bila kugusa ubao. Nilishusha pumzi, nikaenda kuwaambia mabaharia wapumzike, nikawapelekea soda baridi mimi mwenyewe.

Usiku. Tumetia nanga, kijiji cha Angkor Ban hatufiki leo, nyumba zake za mbao zenye miguu mirefu tutaziona kesho. Nimewaeleza wageni ratiba mpya mezani. Mama wa goti nimempelekea barafu.

Sasa naandika ripoti ya ofisi. Malalamiko ya bwana wa kamera nimeyaweka kama alivyoyatoa, na chini yake nimeandika nilichokiona, pamoja na bega la bibi. Nimeomba jambo moja: siku takatifu zinakuja nne tu kila mwezi wa mwandamo, na kalenda tunayo. Siku hizo Wat Nokor twende alasiri, ibada ikiwa imekwisha, na asubuhi tuwaachie wenyewe.