Kichachu au magadi: usafi wa nyumba na bustani ya uani, Tanga

Wengi wanaotaka kuachana na dawa za usafi za dukani huanza kwa kumwaga siki na bekingi soda kwenye ndoo moja. Povu linapanda, linapendeza macho, wanapiga deki. Dakika mbili baadaye ile ndoo haina nguvu yoyote. Siki ni kichachu, soda ni magadi, na vikikutana vinamalizana: hewa imetoka na povu, kilichobaki ni maji ya chumvichumvi.

Kwa hiyo gawa vitu vyako sehemu mbili. Upande wa vichachu kuna ndimu, siki, ukwaju na mbilimbi. Hivi huondoa chokaa, kutu na weusi wa alumini. Upande wa magadi kuna majivu, magadi yenyewe, bekingi soda na sabuni. Hivi kazi yao ni mafuta na uvundo. Bekingi poda usiihesabu popote, maana tayari imechanganywa na unga mchachu kiwandani. Na jiki isikaribie ndimu wala siki hata mara moja: vikikutana hutoka hewa ya klorini inayounguza mapafu, na choo kidogo kisicho na dirisha ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kujaribu.

Jikoni ndiko makosa yalipo mengi, kwa sababu sufuria zetu nyingi ni za alumini. Alumini haipatani na magadi. Ukiloweka sufuria kwenye maji ya majivu au magadi usiku kucha, asubuhi utaikuta nyeusi, na ukizoea hivyo itaanza kutoboka vishimo. Wali ukiungua, chukua konzi moja ya ukwaju kwa lita moja ya maji, chemsha dakika 10 hadi 15, acha ipoe humohumo, kisha sugua. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu haina tatizo hilo: vijiko viwili vya chakula vya bekingi soda kwa lita moja, chemsha, ukoko utaachia wenyewe.

Masizi ya nje yazuie kabla hayajashika. Paka sabuni ya mche iliyoloweshwa kidogo nje ya sufuria kabla ya kuibandika kwenye kuni. Ukiishusha, masizi yanatoka na maji. Ukisahau, tumia majivu, lakini yachekeche kwa kitambaa kwanza, kwani vijiwe ndivyo vinavyochora sufuria, sugua upesi na suuza papo hapo. Majivu ya jiko lililochomewa plastiki yasiingie jikoni wala bustanini.

Birika lenye ukoko mweupe wa maji ya kisima, lijaze nusu siki na nusu maji, chemsha, acha nusu saa, mwaga, suuza mara mbili. Vyombo vya shaba na doa la kutu kwenye kanzu vinaachia kwa mbilimbi iliyopondwa. Iache dakika 10 tu kisha suuza vizuri, kwa sababu uchachu wake ni mkali na ukikaukia kwenye pamba unaidhoofisha. Kwenye nguo ya rangi jaribu kwanza upindoni.

Sakafu ina sheria yake. Saruji, terazo na marumaru nyeupe ya jiwe (si vigae) zina chokaa ndani yake, na kichachu hula chokaa. Sakafu inayopigwa deki kwa siki au ndimu hupoteza mng'ao, huwa na vinyweleo, na baada ya hapo kila tone la chai linaacha alama. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha.

Brashi bora ya kusugulia inatupwa kila siku nyuma ya kila nyumba inayokuna nazi. Kata kumbi kavu la urefu wa kiganja, ligonge kwa nyundo au jiwe mpaka nyuzi ziachane, likung'ute vumbi litoke, kisha lifunge katikati kwa uzi wa katani. Baada ya kazi lianike juani. Masika likiachwa bafuni linaota koga, basi libadilishe kila wiki mbili bila huruma, makumbi hayaishi. Lile vumbi lililokung'utwa liweke kando, bustani inalitaka.

Kuhusu kupanga vitu, hewa ya bahari ndiyo inayoamua. Makopo ya bati yanashika kutu, na masanduku yasiyopumua yanaleta uvundo. Kapu la ukindu linapumua. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, makapu yamerudi sokoni. Ya zamani yatumie ndani kwa vitunguu, viazi na nguo zinazosubiri kufuliwa. Yatundike, yasikae sakafuni, na yaanike juani mara moja kwa wiki wakati wa mvua.

Sasa uani. Kabla ya kumwaga majivu kwenye mchicha, pima udongo. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kifuu, dondoshea siki. Ukichemka vipovu, una chokaa. Usipochemka, chukua kijiko kingine, kiloweshe kwa maji safi, nyunyizia bekingi soda. Vipovu vikitokea, udongo ni mchachu sana. Kimya kwa yote mawili maana yake uko katikati.

Kipimo hiki kina maana kubwa Tanga kuliko wengi wanavyodhani. Karibu na bahari, kama Ras Kazone, ardhi imekalia mawe ya matumbawe, na majivu huko yanaongeza chokaa juu ya chokaa. Mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma: majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Watu wanadhani ni njaa ya mbolea, wanaongeza majivu, hali inazidi. Dawa yake ni mboji kwa wingi. Ukipanda juu kuelekea Amani, kwenye milima ya Usambara, udongo mwekundu ni mchachu, na hapo konzi moja ya majivu kwa mita moja ya mraba inasaidia kweli.

Vumbi la makumbi linashika maji vizuri kwenye mchanga wa pwani, ila kwanza litoe chumvi, hasa kama makumbi yalifukiwa ufukweni kutengenezea usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba. Loweka kwenye maji baridi ya bomba siku nzima, kamua, mwaga, rudia mara tatu. Ukiruka hatua hii, ncha za majani ya miche zitaungua.

Kwa miche, toboa kifuu kwenye lile jicho laini kati ya matatu, jaza vumbi na mboji nusu kwa nusu. Nyanya isikae humo zaidi ya wiki tatu, mizizi inajizungusha.

Lundo la mboji liwe na upana na kimo cha kama mita moja. Vikavu (majani ya mwembe, makuti yaliyokatwakatwa) sehemu tatu kwa sehemu moja ya vibichi. Chicha la nazi linaingia, lakini kidogo, na lifukiwe katikati. Lina mafuta, likikaa juu linavunda na kuita sisimizi na panya. Geuza kila wiki mbili. Harufu kali ya kupanda puani ni vibichi vimezidi, ongeza majani makavu. Harufu ya yai bovu ni maji yamezidi na hewa haipiti, geuza leo usingoje kesho, na Machi hadi Mei lifunike kwa makuti. Miezi miwili hadi mitatu itakuwa tayari.

Nyanya na kunde zifunge kwa uzi wa katani, si naironi. Mkonge tunao hapa tangu Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipouleta pwani hii mwaka 1893, na kamba yake haidumu mvuani, jambo linaloiharibia jina kama kamba ya kuanikia nguo. Bustanini udhaifu huo ndio tunaoutaka: msimu ukiisha unakata mmea pamoja na kamba yake, unavitupa vyote kwenye lundo bila kufungua fundo hata moja.