Percent kumi na moja

Juzi nilirudishiwa insha yangu ya mazoezi ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, ile kazi ya kwanza ya kueleza mchoro: dakika 20, maneno yasiyopungua 150. Mchoro wangu ulikuwa wa duara, matumizi ya familia kwa mwezi: chakula 48, kodi 24, usafiri 15, nguo 8, mengineyo 5. Kila palipo na "percent" mwalimu kazungushia kalamu nyekundu. Nikahesabu viduara. Kumi na kimoja! Na msamiati una robo nzima ya alama.

Usiku ule nikakesha na kamusi, nikatoa percent zote, nikapachika chochote kilichofanana nayo. Leo imerudi, na wekundu umezidi.

Chakula nilikiita "the majority". Mwalimu kaandika pembeni: 48 haijavuka nusu. Mbele kidogo nimeandika "a large portion of food" nikidhani nasema sehemu kubwa ya matumizi, naye kauliza: "Sahani ngapi?" Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka jirani akasogea.

Lililonichoma zaidi ni "a big percent". Hilo kosa nimelitoa nyumbani. Sisi neno ni moja, asilimia 48, asilimia kubwa ya watu, basi. Waingereza wamegawa kazi: percent hutembea na tarakimu yake, na pasipo tarakimu anaitwa percentage. Halafu kuna ule mtego wa kupanda. Usafiri ukitoka asilimia 10 ukafika 15, umepanda kwa pointi 5 za asilimia, lakini ongezeko lenyewe ni asilimia 50. Hapo hata kwenye taarifa za habari watu huteleza, sembuse mimi saa sita usiku.

Nimemkumbuka bibi na mchele wake. Sikuwahi kumsikia akitaja asilimia. Alikuwa na pishi, kisaga ambacho ni nusu yake, na kibaba ambacho ni robo. Maneno matatu, na kila moja lina chombo chake. Ukimpimia mteja kisaga ukakiita pishi, mtaa mzima ungejua kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nabadilisha majina bila kutazama chombo.

Kwa hiyo jioni hii nimeanza upya, safari hii nikitazama namba kwanza. Chakula: "just under half", kisaga kilichopungua kiganja. Kodi: "almost a quarter". Nguo na mengineyo nimeyajumlisha, yakawa 13, nikayaita "about one in eight". Hiyo ni thumuni, ingawa mtaani thumuni tuliijua kama sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu ya shilingi. Sijui nani alipiga hesabu hiyo.

Ikabaki 15 ya usafiri. Kwa sudusi, moja ya sita, haifiki; kwa subui, moja ya saba, inazidi. Nimeiacha "15 percent". Moja tu, azungushie akitaka.