Ngozi yenye mafuta na vipodozi visivyojionyesha

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mwenye ngozi ya mafuta hana budi kujipaka poda nyingi, lakini kila ilipotimia saa sita mchana nilikuta fandesheni, yaani kipodozi cha rangi ya ngozi kinachopakwa usoni, imejikusanya kwenye mikunjo ya pembeni mwa pua, paji la uso linang'aa, na rangi iliyonikaa vizuri asubuhi imekoza kuliko shingo. Nilikuwa nikiongeza poda juu ya mafuta yaliyokwisha kutoka, nayo poda ilichanganyika na mafuta hayo ikawa kama ujiuji uliogandana usoni.

Siku hizi naanza kwa kunawa kwa sabuni laini, kisha napaka losheni nyepesi isiyo na mafuta. Wengi huiacha hatua hii kwa kuogopa kung'aa, ilhali ngozi inaweza kutoa mafuta mengi na papo hapo ikapungukiwa maji, na fandesheni ikipakwa juu ya ngozi ya namna hiyo hubanduka kama magamba. Baada ya losheni napaka krimu ya kujikinga na jua, halafu nasubiri dakika kama kumi. Kusubiri huku, nadhani, kunafaa kuliko praima yoyote ya bei ghali, yaani kipodozi cha kuandaa ngozi kabla ya fandesheni.

Kabla ya fandesheni nakunja tishu na kuibonyeza kwenye paji la uso, pua na kidevu, bila kusugua. Fandesheni yenyewe ni kidogo sana, tone dogo tu, nalipigapiga kwa sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa vizuri, nikianzia katikati ya uso na kuelekea pembeni hadi rangi ipotelee kwenye ngozi. Penye doa la chunusi naweka konsila, yaani kipodozi cha kuficha madoa, juu ya doa lenyewe tu. Unaponunua, ijaribu rangi kwenye taya, kisha utoke nje uitazame kwenye mwanga wa jua baada ya nusu saa hivi, kwa kuwa fandesheni nyingi hukoza zikishakutana na mafuta ya ngozi.

Poda naiweka pale tu penye tezi nyingi za mafuta, yaani paji la uso, pua na kidevu, nikiibonyeza kwa kipamba badala ya kuifagia kwa brashi. Mashavu nayaacha kabisa. Ngozi ya mtu ina mng'ao wake, na ukiufuta wote uso huonekana kama kinyago hata kama rangi imelingana barabara.

Mchana naikunja tena tishu, naibonyeza pembeni mwa pua na kuiangalia: ikitoka na mafuta matupu, sigusi kitu kingine, ikitoka na rangi ya kahawia, nalainisha sehemu hiyo kwa ncha ya kidole safi, ndipo naongeza poda kidogo pale pale.