Vitone vyeupe

Juzi umeme ulipokatika tulitoka uani, mwanangu akakiona Kilimia. "Mama, mbona zile nyota zimebanana hivyo, zinamwogopa nani?" Jibu ninalo, na nilipewa mbali sana na Kilifi.

Enzi zile za Alice Springs, mji wa jangwani katikati ya Australia, za zamu za usiku na miguu kuvimba, kulikuwa na bibi mmoja Mpitjantjatjara, wa wenyeji wa asili wa huko, ambaye barazani hakukosa. Aliketi chini, turubai limetandazwa sakafuni, akilizunguka kila upande. Picha haina juu wala chini. Alichovya kitako cha kijiti kwenye rangi nyeupe, to, to, to, vitone vitatu vinne, akachovya tena. Huku akiimba kwa sauti ndogo.

Yale maduara yaliyozungukana ni kisima, akaniambia. Vile vipinde saba ni wanawake wameketi, alama waiachayo mchangani wakiinuka. Ni dada saba, wanamkimbia Nyiru, mzee mwenye tamaa. Jangwa zima amewaandama, akijigeuza mara nyoka, mara mti wenye matunda. Mwishowe wakarukia mbinguni, naye akawafuata hukohuko.

"Na hapa?" Nilikuwa nimeona mistari pale, kabla hajaanza kuifunika. Akaendelea, to, to, to, mpaka ikapotea.

Baadaye nilisoma kuhusu wanaume wa Papunya, kijiji cha jangwani hukohuko, walioanza mwaka 1971 kuhamishia michoro ya mchangani na ya miilini kwenye vibao. Vibao vya mwanzo vilionyesha mambo yasiyopaswa kuonwa na kila mtu, wenzao wakaja juu. Vitone vikazidi kuenea. Wanunuzi huvisifia urembo, na kweli vinapendeza, lakini vingine ni pazia.

Siku ile sikuyajua hayo, nikanuna kidogo. Labda aliona, maana aliniuliza kwetu kuna nini. Nikamweleza kaya: msitu wa wazee, unaingia umevua viatu, na ndani kuna fingo limezikwa, ndilo linalolinda mji.

"Limezikwa upande gani?"

Nikakaa kimya, nimekaza uso kama mzee wa kaya hasa. Akacheka mpaka akakohoa, akanisukumia kopo la rangi nimkorogee.

Mahali lilipozikwa, hata mimi sijui. Sijawahi kuambiwa. Ila hilo sikumwambia.