Siku moja maishani mwangu: kaunta ya ndege ndogo, Tanga

Saa 12:00 asubuhi. Upepo kwanza, abiria baadaye. Msimu wa kusi, ndege inayotoka Tanga kuelekea Unguja au Dar inakwenda dhidi ya upepo. Tanga hadi Unguja kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 126, yaani maili 68 za baharini. Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, ikienda noti 160 (maili 160 za baharini kwa saa) huzimaliza kwa dakika 26 hivi. Upepo wa mbele wa noti 20 huzifanya 29. Dar, kilomita 198, dakika 40 huwa 46. Kaskazi ikivuma, upepo unaisukuma ndege kutoka nyuma na rubani anafika mapema.

Saa 12:40. Njia ya kurukia inakaguliwa: mawe, ndege wa angani, mbwa.

Saa 1:15. Mizani, na hapa ndipo maneno huwa mengi. Ndege nyingi za aina hii huruhusu kilo 15 za mzigo kwa abiria. “Mama, na hilo la mkononi nalo lipande mizani, tafadhali.” Si ubahili. Caravan kubwa hairuhusiwi kuruka ikiwa na zaidi ya kilo 3,970 hivi, ukijumlisha ndege yenyewe, mafuta, rubani, watu na mizigo. Hata uzito usipozidi kiwango, ukikaa nyuma sana mkia unalemea na ndege inakuwa ngumu kuongoza. Ndiyo maana watu huhamishwa viti, na mzee aliyezoea kukaa nyuma anaombwa asogee mbele. Mafuta nayo ni uzito: injini hunywa kilo 160 hadi 180 kwa saa, na juu ya mafuta ya safari lazima kuwe na akiba.

Saa 2:00. Ndege inaondoka. Tiketi inaweza kusema dakika 35 wakati hewani ni 26, na wengi hudhani rubani kachelewa au kawahi. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea hadi inaposimama: kuwasha injini, kutembea hadi mwanzo wa njia, kupanda, kisha foleni ya kutua Unguja, ambako ndege kubwa nazo zinasubiri zamu.

Saa 4:00. Simu: “Kaka, mbona ile ndege nyingine ya Unguja inachukua muda mrefu hivyo?” Inapitia Pemba. Tanga–Pemba ni kilomita 84, Pemba–Unguja 125. Jumla 209 badala ya 126, na bado hujahesabu muda wa kushusha na kupakia. Ukikata tiketi uliza kwanza kama inapitia Pemba.

Saa 8:00 mchana. Mawingu yamejaa upande wa Usambara. Mvua ikimwagika uwanjani, rubani husubiri ipite. Ndege hiyohiyo ndiyo yenye safari zinazofuata, kwa hiyo dakika 20 za kuchelewa asubuhi mara nyingi huonekana tena jioni.

Saa 10:00 jioni. Safari ya mwisho, tiketi imeandikwa 16:30. Hiyo ni saa 10:30, na kaunta hufungwa kabla yake, orodha ya abiria ikishakabidhiwa kwa rubani. Anayefika saa 10:28 anaiona ndege ikisogea. Kwake imebaki ndege ya kesho, au basi la Segera na Chalinze: kilomita 350 hivi hadi Dar, saa tano au sita kama barabara ni nyeupe.